Kikombe cha Mama Kasika

Turudi pale pale kwenye matope, mbele ya mlango wa Tamar. Wiki jana tulimwacha amesimama na kifurushi kichwani, na Muyisa, yule mwenye duka, amemnyooshea kiganja. Ndani ya kiganja, vidonge viwili. Bulu.

Kama gazeti lilikupita, shika haya haraka. Tamar ni yule mama wa biashara ya maharagwe aliyepigwa risasi ya paja kwenye njia ya Kanyabayonga, siku waasi na wanamgambo wa Mayi-Mayi walipopigana juu ya malori ya watu. Paja lilipona, usingizi haukupona. Akapewa vidonge vya usingizi, hivyo hivyo vya rangi ya buluu wanavyoviita bulu, akavizoea, akavishusha na kasiksi, pombe ya ndizi, mwisho akauza sufuria zake na vitu vya majirani. Shangazi yake akamchukua Beni, huko Bungulu, akakaa naye mpaka mwili ukasahau.

Sasa amerudi Butembo, kwenye avenue yake ya Bulengera, kwa sababu moja tu: Keren, binti yake. Josaphat, mume wake, chauffeur wa lori, alimpeleka mtoto Kanyabayonga kwa bibi yake. Alisema atamrudisha siku Tamar atakapopatana na majirani mbele ya bwana wa nyumba kumi. Siku yenyewe ni leo. Lori liko njiani.

"Kamata, yaya," Muyisa akasema, kama anayemheshimu dada yake mkubwa. "Ya kukukaribisha. Sikuombe kitu."

Tukisema Tamar hakuvitaka tutakuwa tunadanganya. Huko Bungulu alikuwa hata rangi ya bulu haioti. Lakini Bungulu asubuhi ni nyimbo za kanisa na muhogo wa shangazi. Hapa moshi wa kindingi, ile pombe kali ya mtambo, unatoka nyuma kwa jirani na kuingia ndani bila kubisha. Njia ya maji inapita mbele ya duka la Muyisa. Na ukuta ule pale ndio aliokuwa anaegemea, akingojea vidonge vishuke. Mate yalimjaa kinywani.

Akampiga Muyisa kofi kwenye kile kiganja. Vidonge vikaruka, vikaanguka kwenye matope.

"Toka ku mulango yangu!"

"Mulango yako?" Muyisa akacheka. "Uliza avenue kama iko yako. Hapa mutu wa kukusalimia ni miye peke. Utanitafuta tu, yaya. Miguu yako inajua njia."

Wakiwa bado wanatazamana, kuku mmoja mwekundu akapita katikati yao, akadona kidonge cha kwanza, akapangusa mdomo, akadona cha pili. Halafu akaendelea na safari zake.

Kuku wa nani? Wa Mama Kasika. Katika avenue nzima, yenye kuku wa kila rangi, ilibidi awe wa Mama Kasika.

Huyu Mama Kasika ndiye mpishi wa kasiksi na kindingi, mwanamke mpana, mikono imeungua kwa mvuke. Tamar, katika zile siku zake mbaya, alimwibia mrija wa shaba wa kupikia kindingi na kuuuza. Kuna watu wanasamehe kifo kabla ya kusamehe mrija.

"Ahaa!" Mama Kasika akatokea na ufagio. "Malkia wa bulu amerudi!"

"Wabukire, Mama Kasika," Tamar akamsalimia.

"Beba wabukire yako, uirudishe Beni."

Hapo kuku akapita tena, lakini sasa alikuwa anatembea upande upande kama askari siku ya mshahara. Akasimama. Akafikiri. Akakaa chini, akanyoosha shingo juu ya matope, akafunga macho.

"Kuku yangu!" Mama Kasika akatupa ufagio. "Batu, mukuye! Amefika leo, leo kuku inakufa! Kesho itakuwa batoto!"

Watu hawakukawia. Wale wale waliofunga madirisha Tamar alipopita na salamu, sasa walitoka na miguu yao yote miwili.

"Mwizi wa mrija!"

"Mulozi!"

"Beni ilimushinda, sasa ametuletea sumu!"

Filimbi ikalia. Papa Paulin, bwana wa nyumba kumi, akapasua kundi. Ni mshonaji wa nguo, na tepu yake ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Akachuchumaa, akainua bawa la kuku, akatega sikio.

"Kuku hii haikufe. Iko inalala." Akamfungua kuku mdomo. Ndani ulimi ulikuwa na rangi ya buluu. "Bulu. Ni ya nani?"

"Ya Muyisa," Tamar akasema. "Amenipa, nimekataa, imeanguka."

"Miye?" Muyisa akajigonga kifua. "Miye nauza chumvi na sabuni, chef. Mutu mwenye ametoka safari na kifurushi ni nani hapa?"

Macho yote yakaenda kwenye kifurushi. Wanawake wawili wakakivuta, wakakimwaga. Kitenge kimoja. Biblia ya shangazi. Viatu vya mtoto, vipya, vimefungwa pamoja kwa kamba. Vidonge havikuwamo. Viatu vikabaki kwenye matope na hakuna aliyeinama kuviokota.

"Amevificha mu nguo," mmoja akasema.

"Umuvue basi, kama ni kazi yako," Papa Paulin akamjibu. "Tulikuya hapa juu ya kikombe. Tufanye kikombe. Mama Kasika, leta."

Na kikombe hiki si mchezo. Katika avenue ile, aliyeiba na aliyeibiwa wanakunywa katika kibuyu kimoja, mwizi wa kwanza, mwenye mali nyuma yake, nyumba kumi ikiwa inatazama. Wakimaliza, neno limekufa, hakuna wa kulifufua hata kwenye ulevi. Lakini ukikataa kibuyu, umetangaza vita. Hupewi moto, hupewi maji, na ukifiwa unachimba kaburi peke yako.

Mama Kasika akarudi na kibuyu cha kasiksi, povu limesimama juu. Harufu ikamfikia Tamar kabla ya kibuyu. Mate yale yale yakarudi.

"Hapana," akasema.

Muyisa aliacha kutafuna kijiti chake.

"Umesema nini?" Mama Kasika akauliza polepole.

"Nitakunywa na weye, Mama Kasika. Nilikukosea, nakubali mbele ya batu yote. Mais hapana kasiksi. Kasiksi na bulu bilikuwa ndugu mu tumbo yangu. Nikiingiza moja, ile ingine itabisha hodi. Asubuhi ulikamua ndizi, nimesikia harufu. Nipe ile ya leo, yenye haiyachacha."

Kicheko kikapasuka.

"Maji ya batoto!"

"Mumuletee na titi!"

"Mumufunge ku mugongo, anasinzia!"

Mama Kasika hakucheka. "Kasiksi yangu banaikunywa mapadri na macommandant. Weye mwizi njo utaikataa?"

"Siikatae. Naiogopa."

Neno lile lilimgusa Papa Paulin kidogo, kidogo tu. Akajikuna chini ya tepu.

"Ndizi ni ndizi," akasema. "Shamba ni moja, kibuyu ni kimoja. Mulete ile ya leo."

"Kaa, mama, usichoke," Muyisa akawahi. "Miye nitaenda kuchota." Na kabla mtu hajasema ndiyo au hapana, alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba na kibuyu kingine mkononi.

Ungekuwa wewe msomaji, ungemfuata kwa macho. Tamar hakumfuata. Alikuwa amesikia lori likipanda mlima, likikohoa kwa namna ya lori la Josaphat, na roho yake yote ikakimbilia barabarani. Lori lilikuwa la mtu mwingine. Alipogeuka, kibuyu kilikuwa tayari mbele ya uso wake.

Akakishika kwa mikono miwili, kwa adabu. Akanywa.

Ilikuwa tamu, tamu ya ndizi iliyoivia shimoni. Ikajaa mdomo. Halafu chini ya ule utamu, huko kwenye shina la ulimi, kitu kikauma. Uchungu mdogo, mkavu, kama chaki.

Ulimi wake uliujua uchungu ule kama jina la mtoto wake.

Angemeza. Hakuna angejua! Nyumba kumi ingepiga makofi, Mama Kasika angekunywa nyuma yake, Josaphat angefika na kumkuta amepatana. Keren angelala kwake leo. Na mwili wenyewe ulikuwa unaomba, tumbo lilikuwa limefunguka kama mlango wa mgeni anayengojewa. Meza tu, Tamar. Meza, na kila mtu atafurahi.

Akatema.

Akatema yote, mbele ya miguu ya Mama Kasika, mpaka matone yakarukia kitenge chake.

"Iko bulu ndani!" akapiga kelele. "Mutu ametia bulu!"

Ungedhani amechoma kanisa. Mkono ulitoka nyuma ukamvuta nywele, mwingine ukampiga bega. Kutema kikombe ni kubaya kuliko kukikataa. Hakuna mtu katika avenue ile aliyewahi kukiona.

"Ndizi yangu?" Mama Kasika akafoka. "Unasema ndizi yangu iko na sumu? Leta!"

"Hapana, Mama Kasika, usikunywe! Tangu asubuhi uko unaonja kindingi, hii itakuua!"

"Leta hapa!"

Akamsukuma Tamar kifuani, akanyakua kibuyu, akainua kichwa. Koo lake likapanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Akakigeuza kibuyu chini, watu wote waone.

"Haya. Nimekufa?"

"Hapana!" kundi likajibu.

"Nimelala?"

"Hapana!"

"Basi mujue nani mwongo."

Papa Paulin akavua tepu shingoni kama mtu anayevua cheo. "Mama Keren, miye nilikutetea. Umeniaibisha. Kabla jua kuingia, utoke mu avenue hii. Na mutoto, hapana kumuongelea tena."

Wakaanza kumsaidia kutoka. Godoro likarushwa nje, kiti kikavunjwa mguu, sufuria moja aliyobaki nayo ikapigwa teke mpaka kwenye mfereji. Muyisa alikuwa pembeni, anatafuna kijiti chake na kutazama barabara. Tamar akasimama katikati, nywele zimevutwa, akimtazama mtu mmoja tu. Mama Kasika.

Kwa maana ile dawa haina haraka. Yeye alijua haina haraka.

Mama Kasika alikuwa anasimulia kwa mara nyingine alivyokunywa. Safari ya kwanza alisimulia vizuri. Ya pili akasahau katikati. Ya tatu ulimi ukawa mzito, mdomo wa chini ukaning'inia, na akacheka peke yake pasipokuwa na cha kuchekesha. Akatafuta kiti kwa mkono. Hapakuwa na kiti. Akakaa hewani, akaanguka chali kama gunia la mihogo.

"Amemuua!" Muyisa akawa wa kwanza. "Mikono yake njo ilishika kibuyu! Amemuloga!"

Alipokwisha kuwasha moto, hakungoja kuota. Akateleza kati ya nyumba, akapotea.

Jiwe la kwanza lilipita kando ya sikio la Tamar. La pili likampata mgongoni. Nyuma yake uchochoro ulikuwa wazi, angekimbia. Badala yake akaenda mbele, moja kwa moja kwenye mawe, mpaka kwa Mama Kasika, akapiga magoti.

"Mutapiga kisha! Muache nimushike kwanza! Akilala hivi na mugongo, atatapika ndani ya koo na atakufa, na mutakuwa mumemuua nyiye!"

Akamgeuza kwa ubavu. Akamtia vidole mdomoni, akasafisha. Hivi ndivyo shangazi alivyomshika yeye mwenyewe, siku ya kwanza kabisa kule Bungulu. Akampiga mashavu.

"Mama Kasika! Fungua macho! Nitukane!"

Jicho moja likafunguka nusu.

"Nitukane, nasema! Miye ni nani?"

"Mwizi..." sauti ikatoka chini, kama kisimani.

"Mwizi wa nini?"

"Wa... murija..."

"Muzuri. Tena! Na mama yangu je?"

Mama Kasika akamtukana mama yake. Lilikuwa tusi zito, la Kinande, lenye miguu na mikia, na katikati akaanza kusinzia. Tamar akamfinya sikio.

"Haijaisha ile! Maliza!"

Mwanaume mmoja alikuwa bado ameshika jiwe. Akalitazama, hakujua aliweke wapi. Baridi ya Butembo ilikuwa imeanza kushuka, na manyunyu nayo. Mtu akaleta kitenge kikubwa, wakamfunika Mama Kasika mwili mzima, uso umegeukia ukuta. Wanawake wakafunga duara. Tamar akabaki chini katikati yao, kichwa cha adui yake juu ya mapaja, anaomba matusi kwa sauti ndogo.

Hapo lori likaingia. Safari hii lilikuwa lenyewe.

Josaphat hakuzima moteur. Démarreur yake ilikufa huko Lubero, akizima hawashi tena mpaka apate watu wa kusukuma. Akaruka chini na koti lake la ngozi, akatazama godoro kwenye matope, kiti kilichovunjika, watu wamesimama kama kwenye kilio. Halafu akaona mguu wa mwanamke unatokea chini ya kitenge.

Hakusogea karibu. Hakuinama. Hakuuliza.

"Bon," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetua mzigo. "Mumejionea. Niliwaambia ama sikuwaambie? Kikombe ya amani, na bado bulu iko ndani! Sasa Papa Paulin, weye ni shahidi wangu. Mutoto atarudi na miye Kanyabayonga. Mambo imekwisha."

Manyunyu yalikuwa yanagonga mabati.

Mwanamke mmoja akasogea upande. Wa pili akasogea. Na katika nafasi ile, Tamar akasimama.

"Papa Keren," akasema. "Nani alikuambia bulu iko ndani ya kikombe?"

Josaphat alimtazama kama mtu aliyekutana na mwenye kaburi akiwa bado ana udongo kwenye koleo. Macho yakaenda kwenye mguu chini ya kitenge, yakarudi kwa mke wake, yakaenda tena.

"Batu," akasema. "Batu ya njiani."

"Batu gani?" Papa Paulin akauliza.

"Muyisa. Nimemukuta huko chini ku daraja. Ameniambia muke yangu ameanguka."

"Muyisa alikuwa hapa." Hii ilikuwa sauti ya yule mwenye jiwe. "Yeye njo alikuwa wa kwanza kupiga kelele, Mama Kasika akianguka. Anajua ni nani alianguka."

"Mama Kasika?" Josaphat akajisahau.

"Njo yeye."

"Basi... basi sikusikia muzuri. Moteur inapiga kelele. Muyisa naye anaongea mbio." Akapangusa uso, akajaribu kucheka na wanaume wenzake. "Jameni, nyiye munajua huyu mwanamuke. Mutu akisema bulu, mutafikiri nani? Mutamufikiri padri?"

Na ilianza kuingia, usidhani. Mwanaume mmoja akacheka. Mwingine akatikisa kichwa, kwamba kweli, hata yeye angemfikiri Tamar. Papa Paulin akajikuna shingo. Avenue ilikuwa imemchukia Tamar kwa muda mrefu, na chuki iliyozoeleka haihami kwa swali moja. Hata yule mwenye jiwe alilihamisha mkono.

"Nipe mutoto wangu, Josaphat," Tamar akasema.

"Upatane kwanza na batu. Kikombe umetema ama hukutema?"

"Nilitema."

"Musikie! Kwa kinywa yake mwenyewe!"

Josaphat akageuka kwenda zake. Alikuwa amebakiza kupanda tu. Ndipo kioo cha mlango wa gari kikashuka kidogo kidogo, kikikwama, kikishuka. Kichwa cha Keren kikatokea, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi. Akamtazama Tamar kwa mshangao, akamtazama baba yake.

"Papa," akauliza kwa sauti safi, ya mtoto anayetaka tu kuelewa, "mbona mama anasimama? Ulisema tutamukuta amelala. Ulisema tangu jana."

Jiwe likatoka mkononi mwa yule mwanaume, likaanguka kwenye matope. Papa Paulin akapeleka mkono kwenye filimbi. Lakini Josaphat alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi ya gari, mkono mmoja kwenye mlango, na moteur ilikuwa inanguruma.